Bima Mpya ya Afya: Nani Analipa Zaidi?

Wasomaji wetu wa Kenya waliuzoea mfuko wa NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966. Mfuko huo haupo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2023. Sheria hiyo ilimtaka kila mtu ajiandikishe upya, hata yule aliyelipa miaka 30 bila kukosa mwezi. Kwa hiyo usiitegemee kadi ya zamani iliyo sandukuni. Piga *147# ujue kama jina lako limo, na la mke wako, na ya watoto mmoja mmoja.

Haya, na fedha? Zamani makato yalipangwa kwa madaraja. Mwenye mshahara wa Sh. 20,000 kwa mwezi alikatwa Sh. 750, na wa 50,000 alikatwa 1,200. Aliyepata laki moja alikatwa 1,700, na wa laki tano vile vile 1,700. Sasa kila mmoja hukatwa shilingi mbili na senti 75 katika kila shilingi mia, wala hakuna kikomo cha juu. Basi yule wa 20,000 amepata nafuu, hulipa 550. Wa 50,000 hulipa 1,375. Wa laki tano hulipa 13,750, na manung'uniko yake twayasikia, ila hatuoni kwamba ameonewa sana. Lakini mdogo kabisa, mwenye kupata chini ya 6,000, zamani alilipa 150, na sasa hakuna anayelipa chini ya 300. Hilo halikutangazwa kwa sauti kubwa.

Hata hivyo mwenye mshahara hukatwa tu, hana la kufikiri. Shida iko kwa mkulima, mama wa sokoni na kijana wa bodaboda. Zamani walipeleka Sh. 500 kila mwezi. Sasa huulizwa maswali juu ya nyumba yao na maisha yao, mapato yao yakakadiriwa, kisha wakaambiwa kiasi chao. Kiasi cha chini, 300 kwa mwezi, ni kidogo kuliko 500, kweli. Ila yatakiwa ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani si chini ya Sh. 3,600. Muuza nyanya atazitoa wapi mwezi wa Januari, ada ya shule ikiwa mlangoni? Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kumkopesha mtu mchango huo aurudishe kidogo kidogo. Ni jambo jema, ingawa mkopo ni mkopo.

Asiyelipa hakuachwa kabisa. Akiwa amejiandikisha, hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango, maana huko hulipa serikali. Bali akihitaji kulazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa, mchango wake lazima uwe umelipwa. Hapo ndipo jamaa nyingi huanza kuuza ng'ombe.

Hata aliyelipa, aulize kwanza. Hospitali nyingi, za misheni zikiwamo, zimelalamika kwamba hucheleweshewa malipo, na mwaka 2025 baadhi zilidai fedha taslimu. Mama mjamzito aende mapema kuuliza kama hospitali anayoikusudia inapokea SHA, na mumewe aangalie kama mchango wa mwaka hautakwisha kabla ya mwezi wa kujifungua.