Nywila Mpya Haimtoi Mwizi Aliye Ndani

"Barua pepe ya mhasibu wetu imedukuliwa, tumeshabadilisha nywila. Sasa tuko salama?" Swali hili nimeulizwa mno, na jibu ni hapana. Anayewaambia ndiyo, hata kama ni fundi wenu wa kompyuta, anamwongezea mwizi muda.

Kwenye barua pepe ya ofisi iliyoko katika wingu, nywila ina kazi mlangoni tu. Ukishaingia, mfumo unakupa tokeni, na tokeni hiyo ndiyo inayokufungulia kila ujumbe; ndiyo maana huulizwi nywila kila asubuhi. Wezi wanalijua hili vizuri kuliko mameneja wengi. Julai 2022, Microsoft ilieleza kampeni ya hadaa iliyolenga mashirika zaidi ya 10,000 tangu Septemba 2021. Mfanyakazi alibofya kiungo, akaletewa ukurasa unaofanana kabisa na wa kazini, akaandika nywila, akakamilisha hata uthibitisho wa pili. Katikati alikuwepo mwizi, akipokea kila kitu na kukipitisha kwenye mfumo halisi. Tokeni iliporudi, ikaangukia mikononi mwake.

Akishaingia hana haraka. Anaweka kanuni kwenye kikasha: ujumbe wa mteja fulani uhamie folda ya kumbukumbu na uhesabike kuwa umeshasomwa. Mhasibu haoni kitu. Mwizi anasoma mazungumzo ya ankara, kisha anajibu katikati ya mazungumzo yale yale, kwa anwani ile ile, kwamba namba ya akaunti ya benki imebadilika. Mteja analipa. Kwa utapeli wa aina hii, malalamiko yaliyofikishwa FBI mwaka 2023 peke yake yalikuwa na hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9.

Sasa badilisheni nywila, muone inagusa nini. Kanuni ya kikasha ipo pale pale. Simu ambayo mwizi aliisajili kama njia ya uthibitisho bado inatambuliwa kuwa ya mhasibu. Programu aliyoipa ruhusa ya kusoma barua ndani ya Microsoft 365 inaendelea kusoma, kwa sababu ruhusa ile haikutegemea nywila. Tokeni aliyokwisha kuipata nayo inaweza kuendelea kufanya kazi kwa saa moja au zaidi, na saa moja inatosha kabisa kutuma ankara ya uongo.

Kama bado mnaitegemea nywila, tazameni yaliyoikuta Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mwaka 2023. Wadukuzi wanaohusishwa na China walichukua barua pepe zipatazo 60,000 za wizara hiyo bila kuhitaji nywila ya mtu yeyote. Walikuwa na ufunguo wa Microsoft wa mwaka 2016 wa kutilia saini tokeni, wakajitengenezea tokeni zao. Wizara nzima ingebadilisha nywila kila siku na wangeendelea kusoma. Waligunduliwa Juni kwa sababu wataalamu wa wizara walikuwa wameweka kengele kwenye kumbukumbu zinazoonyesha nani amefungua ujumbe gani, wakaona usomaji usio wa kawaida. Wakati huo kumbukumbu hizo zilikuwa za wateja wa leseni ya gharama kubwa. Baada ya tukio, Microsoft iliwafungulia wateja wengi zaidi kumbukumbu hizo, na muda wa kawaida wa kuzihifadhi ukapanda kutoka siku 90 hadi 180.

Wengine hukimbilia kupiga Windows upya kwenye laptopu ya mhasibu. Kikasha hakiko kwenye laptopu! Mnafuta ushahidi huku mwizi akiendelea kusoma.

Fanyeni hivi, siku hiyo hiyo. Zuieni akaunti. Wekeni nywila mpya na papo hapo mkate vipindi vyote vilivyo wazi, kwani kimoja bila kingine hakitoshi. Futeni kanuni za kikasha, usambazaji wa barua kwenda nje, njia za uthibitisho msizozitambua na ruhusa za programu ngeni, lakini pigeni picha ya kila kitu kabla ya kukifuta. Pakueni kumbukumbu za uingiaji mapema: kwenye toleo la bure la Entra, mfumo wa Microsoft wa kusimamia uingiaji, zinakaa siku saba tu. Kama fedha zimetoka, pigieni benki simu kwanza. Wateja wapigieni kwa namba mliyokuwa nayo zamani, msitumie iliyo kwenye ujumbe. Mlioko Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data iwapo taarifa za watu zimevuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru.

Kisha wanunulieni wahasibu funguo za usalama za FIDO2, ambazo hukataa kufanya kazi kwenye ukurasa wa bandia kwa sababu zimefungwa na anwani halisi ya tovuti. Wekeni na kengele ya kulia kila kanuni ya kupeleka barua nje inapoundwa, na mtajeni kwa jina mtu wa zamu atakayeipokea, hata Jumapili usiku.