TANGI LINALOVUJA HALIENDI KWA FUNDI WA KUCHOMELEA



Kazi ya viwanda vya samaki vya Entebbe, Jinja na Masaka haianzii kiwandani. Huanzia kwenye maboti yanayofuata sangara visiwani Ssese. Wenzetu wa mashamba ya michikichi kisiwani Bugala nao huvuka ziwa kwa boti. Wote hawa husafiri pamoja na tangi la petroli la kubebeka, mara nyingi la lita 24, linalolisha mashine iliyofungwa nyuma ya boti. Likivuja, tumekalia moto.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, bali hushuka na kutulia kwenye ngama, chini ya mbao tunazokanyaga. Hapo sigara moja au cheche ya betri inatosha. Na maji ya ziwa hayauzimi moto huo, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji ikiendelea kuwaka. Tena ni hasara: tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita moja kwa siku.

Basi tangi lishushwe nchi kavu, penye upepo, mbali na jiko. Usilikague kwa kiberiti wala kibatari. Likaushe kwa kitambaa, funga skrubu ya hewa, paka maji ya sabuni kwenye viungo, kisha litikise kidogo. Povu litakuonyesha linapovujia. Usilijaze hewa kwa pampu ya gari, litapasuka.

Mara nyingi ubovu huwa katika sehemu hizi:

1. Mipira midogo: ya kifuniko, ya geji, na ya kiungo cha bomba. Ikikauka, weka mipya iliyotengenezwa kwa petroli. Usikate mpira wa baiskeli, kwani petroli huuvimbisha na kuulegeza.

2. Bomba la mpira na pampu yake ya mkono. Bomba lililopasuka libadilishwe. Lifungwe kwa klipu, si kwa waya, maana waya hulikata. Mshale wa pampu uelekee kwenye mashine.

3. Tangi lenyewe. La chuma huoza kuanzia chini, kwa sababu maji yanayoingia hukaa chini ya petroli. Kitobo kidogo unaweza kukisugulia sabuni ya kipande ili ufike mwaloni tu. Huko likamuliwe, likaushwe, lisuguliwe msasa kwa mkono, na kuzibwa kwa gundi ya kuchanganya iliyotengenezwa kwa matangi ya petroli. La plastiki likipasuka halishiki gundi. Litupwe.

Sasa jambo kubwa. Wako wasimamizi wanaosema, "Tangi jipya ni ghali, lipeleke likachomelewe." Ndugu, tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Hata ukiliosha kwa sabuni, petroli hujificha kwenye mikunjo ya chuma. Moto wa kuchomelea ukiligusa, hulipuka mikononi mwa fundi na mwa yule aliyelishika.

Kukataa amri hiyo si ukaidi. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe, na kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 Shirika hilo liliweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi. Uganda nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kwa hiyo mpira wa shilingi chache, hata tangi jipya, ni juu ya mwajiri, wala yasikatwe kwenye mshahara.

Kila boti liwe na mtu wa kukagua tangi kabla ya safari. Ubovu uandikwe daftarini kwa tarehe, na nakala apewe mwakilishi wa chama. Akikataa mmoja ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, tangi jipya litanunuliwa.

Umoja ni nguvu!