Begi la laptopu: Kagua mshono kabla ya jina

MSIMU wa kununua pamba unapofunguliwa katika vijiji vinavyoizunguka Kharumwa, karani wa chama cha msingi huwa na vitu viwili anavyovitegemea kuliko vingine: mizani na kompyuta mpakato. Mizani hulala ghalani. Kompyuta, au laptopu kama wengi wanavyoiita, hupanda bodaboda jioni kurudi mjini, na kesho yake alfajiri hupanda tena.

Ndani yake mna majina ya wakulima, kilo alizoleta kila mmoja na fedha anazodai. Kioo kikipasuka njiani hasara haiishii kwa karani, kwani wapo watu waliokwishapima pamba yao na wanaosubiri malipo. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mtu aliyetoa mamia ya maelfu ya shilingi kununua mashine hiyo akiibeba katika begi alilolichagua kwa rangi, au kwa sababu limetariziwa jina la kampuni kubwa ya kompyuta. Jina hilo ni uzi tu, na mtu yeyote mwenye cherehani anaweza kulishona.

Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, iliyomegwa kutoka Geita na kuingia katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mpunga, ng'ombe na dhahabu. Ukielekea kusini unaingia Msalala na Kahama, mkoani Shinyanga, uliko mgodi wa Bulyanhulu. Ukielekea kaskazini unatokea Sengerema na Busisi, njia ya Mwanza. Walimu, maofisa ugani, wenye maduka ya kuchapa na kutoa nakala, na makarani wa mialo ya kuchenjulia dhahabu wote siku hizi wana laptopu, na wengi wao huzisafirisha kwa pikipiki.

Mabegi mengi ya dukani hayakubuniwa kwa safari ya namna hiyo. Lile la kuning'iniza bega moja, lenye umbo la mkoba wa wakili, lilikusudiwa mtu anayetoka kwenye gari na kuingia ofisini. Juu ya bodaboda huyumba, hugonga paja na chuma cha kubebea mizigo, na kila shimo la barabara ya Bukwimba au Nyijundu huongeza pigo lake. Kwa msafiri wa huku begi la mgongoni ndilo la kwanza kufikiria, hasa lenye mkanda mdogo wa kufunga kifuani ili lisichezecheze.

Mnunuzi aanzie chini, si juu. Wauzaji hupenda kuonyesha mifuko ya mbele, mahali pa kalamu na chupa ya maji, lakini kompyuta nyingi huumia kwenye kona, na kona huumia pale begi linapotuliwa chini. Katika mabegi mengi ya bei rahisi mfuko wa laptopu hushuka hadi kwenye mshono wa kitako, kwa hiyo mashine hukaa juu ya kitambaa kitupu ingawa mgongoni na ubavuni kuna sponji nene. Begi lililotengenezwa vizuri huufanya mfuko huo uning'inie, ukiacha nafasi ya sentimita kadhaa kabla ya kitako, au huweka sponji ngumu pale chini. Njia ya kujua ni rahisi: chukua daftari kubwa la rejesta, litumbukize katika mfuko huo, kisha liangushe begi taratibu juu ya kaunta. Ukisikia daftari limegonga mbao, laptopu nayo itagonga.

Sponji yenyewe ibonyezwe kwa kidole gumba. Ile inayobonyea hadi vidole vikutane, na kuchelewa kurudi, itakuwa imelala kabisa kabla ya mwaka kwisha. Inayofaa hukataa kidogo, halafu hurudi mara moja.

Baada ya hapo ndipo ifuate mishono, na hapa mnunuzi asione haya kuligeuza begi ndani nje mbele ya mwenye duka. Mahali penye kubeba uzito wote ni pale mikanda ya mabegani inapoungana na mwili wa begi. Mkanda ulioshonwa kwa mstari mmoja wa uzi utang'oka. Unaotakiwa umeingizwa ndani ya mshono, ukashonwa kwa kurudiarudia au kwa mraba wenye alama ya msalaba katikati. Ndani, kingo za kitambaa ziwe zimefunikwa kwa utepe. Zikiwa zimeachwa wazi nyuzi huchomoka, na mshono hufumuka hata kama uzi wa kushonea ulikuwa imara.

Kuhusu kitambaa, vibandiko vingi huandika 600D au 1680D. Herufi hiyo ni ya denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa maana yake ni uzi mnene, basi. Haisemi lolote kuhusu aliyeshona. Begi la 600D lenye mishono safi litadumu kuliko la 1680D lililoshonwa kwa haraka.

Zipu nayo ina namba, mara nyingi nyuma ya kichwa chake: 5, 8 au 10, ambazo takriban ni upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Kwa mlango mkuu wa begi linalobeba laptopu, 8 au 10 ni salama zaidi kuliko 5. Wengi hutafuta herufi YKK, za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934. Ni zipu nzuri, ila herufi hizo nazo hugushiwa. Heri kuifungua na kuifunga mara kumi palepale, hasa kwenye kona, na kuona kama inakwama.

Adui mkubwa wa zipu katika ukanda huu ni vumbi. Msimu wa pamba huangukia kiangazi, na kwenye mialo kuna vumbi jingine, la mawe yanayosagwa na makarasha, laini kama unga na lenye kukwaruza. Huingia kwenye meno ya zipu na hupenya hadi kwenye feni ya kompyuta. Begi lenye ulimi wa kitambaa unaofunika zipu lina faida kubwa hapa, na mswaki wa zamani mkavu hutosha kuisafisha kila wiki.

Mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka tatizo hugeuka. Kitambaa kinachoandikwa kwamba hakipitishi maji huweza kuwa kweli hakipitishi, lakini matundu ya sindano na zipu hupitisha. Wapo wanaoitia laptopu katika mfuko wa salfeti kabla ya kuiweka begini. Wanaodharau hilo wangojee mvua ya njiani, kusiko na hata mti. Mfuko huo una kazi ya pili pia: begi linalojitangaza kuwa lina kompyuta humwita mwizi.

Ngozi ina wapenzi wake, nao si wa kulaumiwa katika nchi ya wafugaji. Lakini vingi vinavyouzwa kama ngozi ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, ambayo jua huichana. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zake hadi chini, ile nyingine huonyesha kitambaa. Ngozi halisi ni nzito, hunywa maji, na hutaka kupakwa mafuta.

Mitumba ya mnadani isipuuzwe. Humo hupatikana mabegi imara kuliko mengi mapya, mradi mnunuzi apitishe kiganja ndani. Utando wa ndani ukiwa unanata au kubanduka kama magamba umekwisha, na hauponi.

Lililobaki ni matengenezo. Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake mara nyingi meno yake ni mazima; kilicholika ni kichwa, na fundi wa viatu hukibadilisha kwa muda mfupi. Anachohitaji ni zipu iliyoshonwa kwa uzi, ili aweze kuifumua mwishoni na kuirudisha. Iliyobandikwa kwa gundi atakurudishia kama ulivyomletea.