Tenisi juu ya Vumbi la Tofali

Wenzetu wengi wanatuuliza: tenisi ya "udongo mwekundu" ni mchezo wa namna gani? Tujibu kidogo.

Kwanza, udongo ule si udongo wa shamba. Ni tofali la kuchoma, kama yale tunayochoma huku kwetu, lakini limesagwa mpaka kuwa unga. Chini wanapanga mawe, halafu changarawe, halafu mawe ya chokaa yaliyopondwa. Juu kabisa wanamwaga unga ule, unene wa milimita 1 au 2 tu. Kila siku wanaunyunyizia maji na kuufagia, maana ukikauka upepo unaubeba.

Unga huo unafanya kazi gani? Unashika mpira. Mpira ukidunda unapunguza mbio na kuruka juu, basi yule wa ng'ambo anapata nafasi ya kuufikia. Mwenye nguvu hamalizi maneno kwa pigo moja. Inabidi avumilie, arudishe tena na tena. Mpira unaacha alama chini pia. Wakibishana, mara nyingi mwamuzi anashuka kitini kwenda kuitazama.

Mchezo huo umefika karibu nasi. Mwezi wa pili na wa tatu 2024, mji wa Kigali ulipokea kwa mara ya kwanza mashindano ya Challenger, majuma mawili yakifuatana. Hiyo ni ngazi ya chini ya mashindano makubwa. Mshindi alipata alama 50, na yule wa Roland-Garros kule Paris anapata 2000. Ni kidogo? Kwa mchezaji asiye na jina siyo kidogo, kwa sababu alama ndizo zinazomfungulia mlango wa Paris.

Juma la kwanza, Kamil Majchrzak wa Poland alimshinda Marco Trungelliti wa Argentina katika mchezo wa mwisho. Trungelliti, mtu wa miaka 34, hakufunga mizigo. Juma la pili, juu ya vumbi lile lile, alichukua kikombe. Ndiye yule ambaye mwaka 2018 alitolewa katika mchujo wa Paris, akarudi Barcelona. Kusikia nafasi imepatikana, akaendesha gari karibu saa 10 pamoja na mama yake, nyanya yake na ndugu yake, akafika, akashinda mchezo wa kwanza.

Basi ninyi mlioanguka mtihani wa kwanza, msifunge mizigo. Juma la pili lingaliko.