Tupakie Amana Kabla ya Hema

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyetufanya makhalifa katika ardhi. Familia inayokusudia kupiga kambi kando ya Ziwa Singidani, mkoani Singida, na iyatangulize maji katika mizigo yake. Ziwa hilo ni la chumvi. Udhu kwa maji yake unasihi kama kwa maji ya bahari, ila hayamkati mtu kiu.

Tubebe dumu la maji na birika, badala ya chupa nyingi za plastiki. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichotimia lita moja, sisi twamwaga ndoo!

Chakula tukitie katika vyombo vya kuoshwa na vikapu vya ukindu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini sheria haituoni tuwapo porini, Mola anatuona. Kwa hiyo tuchukue gunia tupu la kurudishia taka zetu, na jembe la kuchimbia choo, mbali na ziwa, njia na vivuli, kwani Mtume alikataza kuwaudhi watu mahali hapo. Aliamrisha pia moto uzimwe kabla ya kulala. Katika nyasi kavu za Singida, amri hiyo ni uhai.

Gunia hilo tumkabidhi mtoto. Likirudi limejaa, atakuwa amejifunza amana kwa mikono yake.

Wabillahi tawfiq.