Kulala na kula katika hoteli kongwe za bara: tuliyoyaona safari ya Kibirichia

Mpwa wangu ameoa Kibirichia. Kwa msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu ambaye hajafika huko, Kibirichia ni mji mdogo wa wakulima katika kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Viazi, njegere, ngano na kabichi ndiyo mazao ya huko. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu, ukisimama shambani mlima uko nyuma yako, na mbele, chini kabisa, unaiona nchi kavu ya Isiolo imetandaa.

Mwezi wa Julai tulikwenda kuwaona wakwe. Tulikuwa wanne: mimi, dada yangu, mumewe, na Mama yetu mwenye umri wa miaka 76. Wakwe walitaka tulale kwao, lakini nyumba ilikuwa imejaa jamaa, na magoti ya Mama hayamruhusu kutoka nje usiku katika baridi ile. Shemeji akatafuta hoteli, akapata moja ya zile nyumba kongwe za wageni zilizojengwa zama za masetla. Tulilala siku mbili. Tangu turudi watu wanatuuliza: mlikula nini? Mliswali wapi? Ni mahali pa kumpeleka mzee? Nimeona afadhali niyaandike majibu pamoja.

Kwanza, nyumba hizi ni nini. Kwao Uingereza, tangu zamani, kulikuwa na nyumba za njiani ambapo msafiri alipata kitanda, chakula na mahali pa kumfunga farasi wake. Masetla walikuja na desturi hiyo. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wake wa zamani mashamba katika nyanda za juu, pamoja na pande za Nanyuki na Timau. Barabara zilikuwa za udongo, na mvua ikinyesha gari lilikwama hata siku nzima. Basi zikajengwa nyumba za wageni zenye bustani, sebule yenye moto, na chumba cha kulia. Outspan ya Nyeri ilifunguliwa mwaka 1928, na ni katika kijumba kilichojengwa uwanjani mwake ndipo Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipoishi miaka yake ya mwisho mpaka akafa Januari 1941. Nanyuki kuna Sportsman's Arms, Embu kuna Izaak Walton, na Meru mjini kuna Pig and Whistle.

Jina hilo la mwisho lilituletea kisa garini. Shemeji alipolitaja, Mama akauliza maana yake. Dada akamwambia ukweli: nguruwe na filimbi. Mama akasema, "Mimi silali kwa nguruwe." Tukamweleza kwamba ni desturi ya Waingereza kuzipa nyumba za vileo majina ya namna hiyo. Mwaka 1393 mfalme wao, Richard wa Pili, aliamuru kila muuza pombe atundike alama nje ya nyumba yake, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama ilikuwa ni picha: simba, kengele, taji, nguruwe. Jina si chakula, nikasema. Mama akajibu kwamba amesikia, na kwamba tutafute nyingine. Tukaenda nyingine, ambayo sitaitaja jina, na sababu ya kutoitaja mtaiona mbele.

Ndani ya nyumba hizi utakuta picha kuukuu ukutani: Wazungu wamesimama na fimbo za kuvulia samaki, bibi mmoja juu ya farasi, gari limezama kwenye matope. Kuna jambo ambalo picha hizo hazilisemi. Mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni, Mwafrika hakuingia katika nyumba hizi kama mgeni. Alikuwamo, lakini jikoni, zizini na bustanini. Na baadhi ya waliokuwa jikoni walitoka kwetu pwani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alipika miaka 11 katika hoteli ya masetla huko bara mpaka mwaka 1960, na kila mwaka alikuwa akirudi Mombasa kufunga Ramadhani na watoto wake. Mama alitaka kuiona nyumba ya aina ile kabla hajafa, ingawa alitwambia hivyo tulipokwisha fika, si kabla.

Sasa malazi. Vyumba vingi ni vijumba vya mbao au mawe vilivyotawanyika kwenye bustani, kila kimoja na ukumbi mdogo mbele na meko ya moto ndani. Jioni, kama saa kumi na mbili, kijana huja na kuni na kukuwashia moto. Mwache awashe mapema, kwa sababu usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na sisi wa pwani hatuna mafuta ya kutosha mwilini kwa mambo hayo. Ukirudi kutoka kula utakuta mfuko wa mpira uliojazwa maji moto umewekwa chini ya blanketi, upande wa miguu. Dada yangu alipiga kelele alipougusa kwa mguu, akidhani ni mnyama. Maji ya kuoga huwa moto kwa saa maalumu tu katika nyumba nyingine, kwa hiyo uliza saa hizo ujue utatawadhia nini alfajiri. Sisi tuliomba chupa mbili za chai zijazwe maji moto usiku, na tukapewa bila neno.

Kuhusu kibla, jambo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Meru, Makka iko kaskazini, mashariki kidogo, karibu sawa na tunavyoelekea tukiwa Mombasa. Ukiwa pande za Kibirichia, uache mlima mgongoni upande wa kushoto na uso uelekee Isiolo, utakuwa umekaribia sana.

Kisha bei. Hoteli hizi huuza chumba kwa namna mbili au tatu. Iko bei ya kitanda na chamsha kinywa, na iko ya kitanda, chamsha kinywa na chakula cha usiku, na pengine cha mchana pia. Uliza unalipia ipi. Sisi tulilipia ya kwanza tukidhani ni ya pili, na chakula cha usiku kikaandikwa mbali. Halikuwa kosa la mtu, ni sisi hatukuuliza.

Usiku wa kwanza tuliingia chumba cha kulia. Meza zina vitambaa vyeupe, na mbele ya kila mtu visu, uma na vijiko vimepangwa mstari. Kijana mhudumu alikuja kumsaidia Mama, akamwita Shosho kwa adabu. Mama akamwambia, "Mwanangu, kijiko hiki cha supu umekiweka ndani, mahali pake ni nje, kwa sababu supu ndiyo ya kwanza." Kijana akacheka, akakihamisha. Babu alikuwa akiwapangia meza watoto wake kwa vijiko vya bati, akawafundisha kwamba mtu huanza na kilicho nje na kuingia ndani: supu, samaki, nyama, pudini.

Supu ya usiku ule ilikuwa ya njegere. Katika orodha iliandikwa hivyo tu, na kijana akatuhakikishia kwamba ni mboga tupu. Tulikuwa tumepiga simu siku tatu kabla, tukasema sisi ni Waislamu, tukaambiwa hakuna taabu. Bakuli zikaletwa. Mimi nilikwisha shika kijiko. Mama akanusa, akaniwekea mkono, akamwuliza kijana, "Supu hii imechemshwa na mfupa gani?"

Kijana akaenda jikoni. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. Imetiwa bekoni, akasema, ndiyo mapishi yake ya siku zote.

Na kweli ndiyo mapishi yake. Waingereza tangu kale huipika supu ya njegere kwa mfupa au nyama ya nguruwe, na kwao hilo halihitaji kuandikwa. Mama alijua kwa sababu babu aliipika miaka 11 bila kuionja hata siku moja. Aliijua chumvi yake kwa harufu, na alikuwa akimwomba msaidizi wake, ambaye hakuwa Mwislamu, aonje. Mama alilisimulia jambo hilo pale mezani, polepole, na bakuli zikiwa bado mbele yetu. Sikuwa nimelisikia kabla.

Mpishi mkuu akatoka mwenyewe kuomba radhi. Sikuona kiburi wala dharau. Niliona kwamba neno "mboga" kwetu na kwao halikuwa na maana moja, na kwamba aliyepokea simu yetu hakuifikisha jikoni. Lakini tungekula, na ndiyo maana naandika.

Tukala samaki. Mpishi alitumia kikaango kingine na mafuta mapya, na dada akaenda kusimama mlangoni akaona. Samaki mwenyewe ni trauti, na kisa chake kinafaa kujulikana na watu wa bahari kama sisi. Hakuwa samaki wa Kenya. Masetla waliukumbuka uvuvi wa kwao, na mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland, samaki wakatiwa katika mto Gura huko Aberdare. Trauti hataki ila maji baridi yanayokwenda kasi, kwa hiyo hukaa mito ya milimani tu, na siku hizi hufugwa mabwawani, kama huko Timau. Hata hoteli ya Embu imepewa jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi mwaka 1653. Trauti ana nyama laini na miiba midogo. Mama alimmaliza, akasema, "Mzuri, lakini chumvi yote ni ya mpishi."

Asubuhi chamsha kinywa huwa mezani unajipakulia: mayai, maharage, soseji, bekoni, mkate, uji, matunda. Koleo moja huzunguka sahani zote. Tuliomba mayai yetu yakaangwe mbali, tukachukua uji na matunda kabla watu hawajaanza.

Kisha tukaenda Kibirichia. Hapo ndipo nilipoona tofauti. Mama mkwe wa mpwa wangu hajawahi kufika pwani, wala hakuna Mwislamu katika ukoo wake ila huyu mkwe aliyepata. Lakini alikuwa amenunua sufuria mbili mpya na kisu kipya, akaviweka bila kuvitumia mpaka siku ile. Mbuzi alimwachia mpwa wangu amchinje mwenyewe. Tukala mukimo wa viazi na njegere, mchuzi wa mbuzi, na kabichi. Hatukuwa tumeuliza swali hata moja. Yeye ndiye aliyekuwa ameuliza, wiki nzima kabla, kwa simu, mpaka mpwa wangu akachoka kujibu.

Usiku wa pili hotelini mpishi alimwita Mama jikoni. Alitaka kujua babu alivyokuwa akiipika supu ile nyumbani kwake wakati wa futari. Mama akamweleza: vitunguu vikaangwe kwa siagi mpaka vigeuke rangi, karoti, njegere zilizolowekwa usiku kucha, mfupa wa mbuzi ukitaka, na pilipili manga mwisho. Ikaletwa mezani. Mama alimaliza bakuli lake na nusu ya langu.

Kwa atakayekwenda, haya ndiyo ninayoyashauri. Usiseme tu kwamba wewe ni Mwislamu, uliza vitu kwa majina: supu inachemshwa na nini, nyama inatoka bucha gani, vikaango ni vingapi, mafuta ni yale yale? Omba kuzungumza na mpishi, si na mapokezi peke yake. Isiolo ina bucha nyingi za halali na si mbali, na hoteli nyingine hukubali kuagiza huko ukiwapa nafasi ya siku moja. Omba chumba kilicho mbali na baa, hasa Ijumaa na Jumamosi. Chukua soksi, sweta na mswala. Na kama una mzee aliyewahi kufanya kazi katika nyumba hizi, au mtoto wa aliyefanya, mchukue, na umwache azungumze.

Tulipokuwa tukishuka kurudi nilimwuliza Mama kama angependa kwenda tena. Akasema kwa wakwe atakwenda hata kesho. Hotelini atafikiri, ila wakitaka supu nyingine za babu wampigie simu, anazo nne.