Kamba ya Nuru Iwe Somo kwa Vijana Wetu

Mali ya mwananchi wa kawaida katika visiwa vyetu hulala nje au karibu na nje. Karafuu huanikwa majamvini uani, mashine za boti huachwa pwani, na duka la mtaani hulindwa na kufuli moja ambalo mwizi mwenye subira huweza kulivunja kabla ya alfajiri. Tangu zamani ulinzi wetu umekuwa macho ya jirani na kikohozi cha mzee asiyepata usingizi. Leo twapenda kuzungumzia mlinzi wa namna nyingine, ambaye kijana wa skuli ya sekondari aweza kumtengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mlinzi huyo ni kengele ya tahadhari inayotegwa kwa mwale wa leza.

Hatuzungumzi habari hii kwa kuistaajabia, kwani chombo chenyewe si cha ajabu. Twaizungumza kwa sababu ofisi, maghala na skuli zetu zinaendelea kuwekewa vyombo vya ulinzi vilivyofungwa ndani ya visanduku ambavyo hapana mtu kisiwani awezaye kuvifungua. Chombo kama hicho kikiharibika hubaki ukutani kama pambo. Maoni yetu ni kwamba kengele iliyotengenezwa hapa itatengenezwa tena hapa, na kwamba kijana aliyejua kuiunda ana thamani kubwa kuliko kengele yenyewe.

Asili ya jambo hili haiko mbali na historia yetu. Mwaka 1873 mhandisi Mwingereza, Willoughby Smith, alitangaza kwamba madini ya seleni hupitisha umeme kwa wepesi zaidi yanapomulikwa. Aliligundua jambo hilo katika kazi ya kupima nyaya za simu za chini ya bahari. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1879, waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden. Leza yenyewe ilikuja baadaye sana, kwani Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza huko Marekani mwaka 1960. Wakati ule ilikuwa chombo cha maabara. Leo huuzwa madukani kama kitu cha kuchezea watoto.

Kazi ya kengele hii ni nyepesi kufahamika. Upande mmoja wa mlango huwekwa leza ndogo nyekundu. Upande wa pili huwekwa jicho, yaani kipande kidogo ambacho mafundi hukiita resista ya nuru. Jicho hilo likimulikwa, ukinzani wake hushuka hadi omu mia chache au elfu chache. Likiingia gizani, hupanda hadi omu laki kadhaa au zaidi. Jicho hufungwa mfululizo pamoja na resista ya kawaida, nazo hugawana volti ya betri. Mwale ukikatwa na mguu wa mtu, volti iliyo kwenye jicho hupanda, na ikifika kiasi cha volti 0.6 kwenye transista, transista hufungua njia na kengele hulia. Ili kurekebisha wepesi wa jicho kushtuka hutumika resista ya kuzungushwa, mfano wa ile inayopandisha na kushusha sauti ya redio.

Hapa ndipo fundi mwanafunzi hukutana na somo lake la kwanza. Mwizi hukata mwale kwa muda mfupi mno, pengine chini ya nusu sekunde, kisha nuru hurejea na kengele hunyamaza. Kengele ya namna hiyo haimwamshi mtu. Ni lazima ifungwe kwa rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, tena ifungwe kwa namna ambayo ikishavutwa hujishikilia yenyewe mpaka mwenye nyumba aizime kwa mkono. Somo la pili ni kwamba kimya kiwe ni dalili ya usalama na si dalili ya ubovu. Kwa mpango tulioueleza, leza ikiisha betri au ikisukumwa na upepo, kengele italia. Mwenye nyumba ataudhika, lakini hatadanganyika.

Yapo pia mambo ambayo vitabu vya ng'ambo havisisitizi, na ambayo mazingira yetu huyadai. Jicho lisilofunikwa huona jua la mchana badala ya mwale, na mwizi aweza kupita mbele yake asigundulike. Kwa hiyo litiwe ndani ya kibomba cheusi, hata kama ni kifuniko cha kalamu kilichopakwa rangi, tena kisielekee mawio wala machweo. Hewa ya chumvi hula shaba, basi kila kiungo kilichotiwa risasi kipakwe rangi ya kucha au vanishi. Utando wa buibui, jani la mgomba na paka wa jirani wote huweza kukata mwale. Wapo wanaotaka kuuzungusha mwale uani kwa vioo. Na wajue kwamba kioo kikigeuka digrii moja, mwale hugeuka digrii mbili, na kwa umbali wa mita 20 huo ni upotevu wa kiasi cha sentimita 70. Kioo kimoja kilichokazwa imara ni bora kuliko vinne vinavyotikisika.

Juu ya umeme hatuna haja ya kusema mengi, kwani wakaazi wa Unguja hawajasahau miezi ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi. Mlinzi anayelala umeme ukikatika si mlinzi. Kengele hii huridhika na betri. Leza ndogo hutumia kiasi cha miliampea 30, na tukijumlisha na mtambo wake tuseme miliampea 50. Kwa usiku wa saa 12 hesabu yake ni ampea-saa 0.6, ambayo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7. Paneli ndogo ya jua hurudisha kiasi hicho mchana. Vidonge vya betri vya kalamu ya leza havifai, maana huisha kabla ya usiku kukucha.

Tumekwisha kueleza faida. Sasa ni wajibu wetu kueleza hatari. Leza ni kidogo kwa umbo lakini nuru yake hukusanyika mahali pamoja, nayo huweza kudhuru jicho lisipone. Leza nyekundu isiyozidi miliwati 1 huhesabiwa kuwa na hatari ndogo kwa sababu mtu hupepesa jicho kabla ya madhara. Lakini maandishi ya ubavuni si ya kuaminiwa daima. Mwaka 2013 taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani ilieleza kwamba katika kalamu 122 za leza ilizozipima, asilimia 44 ya nyekundu na asilimia 90 ya kijani hazikutimiza kanuni za usalama. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika nchi yenye wakaguzi na vyombo vingi, sisi tunaopokea kila kishukacho bandarini tuna kila sababu ya kuchukua tahadhari. Mwale upitishwe usawa wa goti, uishie kwenye ubao mweusi usiong'aa, na uwashwe baada ya watoto kuingia ndani. Kuelekeza leza kwenye gari au ndege ni hatari kwa roho za watu, na kusihesabiwe kamwe kuwa mchezo.

Aidha twaonya juu ya desturi mbaya ya kutega waya wa umeme wa nyumba dirishani au bandani ili kumkamata mwizi. Volti 230 hazimjui mwizi wala hazimjui mtoto aliyefuata mpira wake. Uzuri wa kamba ya nuru ni kwamba humwita mtu, haimuui mtu.

Basi twawaomba wakuu wa Serikali watazame mambo matatu. La kwanza, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iipe kila skuli ya sekondari, Unguja na Pemba, sanduku la vifaa vidogo vya elektroniki: resista, transista, rilei, jicho la nuru na chuma cha kutilia risasi. Hivi ni vitu vya bei ndogo, na kengele hii moja humfundisha mwanafunzi ukinzani, mgawanyo wa volti, transista na sumaku ya umeme kwa mara moja, naye huondoka na kitu kinachofanya kazi. La pili, mafundi wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia watumiwe kuwafunza walimu, ili sanduku lisije likakaa kabatini kwa kuogopwa. La tatu, Taasisi ya Viwango Zanzibar izipime leza zinazouzwa madukani, na zile zisizotaja nguvu zake zisiuzwe kwa watoto.

Wananchi nao wasidhani kwamba wamenunua usingizi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kengele inayolia katika mtaa ambao hapana jirani anayetoka ni kelele tu. Masheha wanaosimamia ulinzi wa shehia zao na wawaeleze watu mapema sauti hiyo ina maana gani na nani atatoka ikilia.

Sisi twaamini kwamba visiwa hivi havina upungufu wa vijana werevu. Wapo wanaofungua redio mbovu na simu zilizotupwa, wakazifufua bila ya mwalimu. Vijana hao wakipewa vifaa, mafunzo na onyo la hatari, ghala la skuli litapata mlinzi wake, na siku atakapoharibika atakuwepo kisiwani mtu wa kumtengeneza.